Je, wajua kwa nini Marekani kuna watu wanaosoma masta kabla ya kuanza udaktari?

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu waliotawanyika, mmoja Temeke, mwingine Mombasa, mwingine Minnesota, kuna habari ambayo ikitumwa lazima izue mjadala: kijana wetu kamaliza digrii ya biolojia, sasa ameingia masta ya sayansi za tiba, akimaliza ndipo aombe chuo cha udaktari. Shangazi aliyeko Dar hachelewi kuuliza. Masta kabla ya udaktari? Si kichwa chini miguu juu hiyo?

Ana haki ya kushangaa. Tanzania, mtoto akitoka kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia, biolojia) iliyonyooka, anaingia moja kwa moja kusoma MD, digrii ya udaktari, miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kenya digrii hiyo huitwa MBChB, miaka 6. Daktari wa huku akikwambia yuko masta, unajua amerudi shule kubobea: upasuaji, watoto, uzazi. Marekani mambo yamepangwa vingine, na masta hiyo ya kijana wetu wala haimo kwenye safari rasmi ya udaktari. Hakuna anayelazimishwa kuipitia. Huisoma zaidi yule ambaye mlango ulimfungia, au anayehofia utamfungia.

Mlango wenyewe una historia. Marekani ya karne ya 19 ilijaa shule za tiba zilizokuwa biashara za madaktari: lipa ada, kaa usikilize mihadhara, toka na cheti, pengine bila kumgusa mgonjwa. Johns Hopkins ya Baltimore ilipofungua shule yake ya tiba mwaka 1893, ilikuja na sharti geni, kwamba mwombaji awe na digrii kwanza. Sharti lilifuatana na pesa. Fedha za kufungulia zilikuwa zimepungua, na kikundi cha wanawake kikiongozwa na Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli, kikakubali kuziba pengo kwa masharti: wanawake wapokelewe sawa na wanaume, na vigezo vya kuingia viwe vya juu kwelikweli. Vilikuwa vya juu kiasi kwamba William Osler, mmoja wa maprofesa waanzilishi, alimtania mwenzake Welch kwamba bahati yao wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingeingia.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa shule kutoka Louisville, Kentucky, ambaye hakuwa daktari hata kidogo, alitoa ripoti juu ya shule 155 za tiba za Marekani na Kanada. Kipimo chake kilikuwa Johns Hopkins. Shule nyingi zilifungwa, zikiwemo tano kati ya saba za Wamarekani weusi. Zikabaki Howard na Meharry, na pengo la madaktari weusi halijazibika hadi leo. Polepole ikawa kawaida: miaka 4 ya chuo, kisha miaka 4 ya shule ya tiba.

Maana yake ni kwamba chujio limewekwa kwenye digrii ya kwanza. Kijana wa miaka 18, ndiyo kwanza anajifunza kuishi mbali na mama, kila C anayopata kwenye kemia inaandikwa na itasomwa miaka minne baadaye na watu wasiomjua. Miaka ya karibuni waombaji wa shule za MD wamekuwa zaidi ya 50,000 kwa mwaka, na wanaoanza masomo ni kama 23,000.

Sasa chukua kalamu. Tuseme kijana ana GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.1 kati ya 4.0 kwenye krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo aliyosoma. Akirudi chuoni akaongeza krediti 30 za digrii ya kwanza na kupata A tupu, yaani 4.0 mwaka mzima bila kuteleza, GPA yake itapanda hadi 3.28. Basi! Mwaka mzima wa jasho, na kwenye karatasi bado anaonekana yuleyule. Ni sawa na kutia kijiko cha sukari kwenye pipa.

Masta inaingia hapo. Kwenye mfumo wa pamoja wa maombi ya shule za MD, alama za uzamili hazichanganywi na za digrii ya kwanza. Huwekwa kwenye mstari wake. Ile 3.1 haifutiki, ila pembeni yake panakuwa na namba nyingine, mpya, ya masomo magumu zaidi. Anayesoma faili anabaki na swali moja: huyu wa sasa ni yupi kati ya hawa wawili?

Chuo Kikuu cha Georgetown, kilichoko Washington, kilianza mpango wa aina hii miaka ya 1970, na huhesabiwa kuwa mkongwe wao. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Mnamtilia shaka huyu kama ataweza shule ya tiba? Mketisheni basi kwenye masomo ya mwaka wa kwanza wa udaktari, afanye mitihani ileile, halafu mlinganishe alama zake na za wanafunzi wa udaktari wenyewe. Vyuo vingine havichanganyi madarasa. Vinatunga masomo yao kwa mwendo unaofanana na huo: fiziolojia, biokemia, anatomia, kinga ya mwili, famakolojia. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, wakati mwingine miwili. Ndani ya darasa hilo hukosi wanaolenga udaktari wa meno, famasia, macho, hata mifugo, ingawa wa udaktari wa binadamu ndio wengi.

Kinachobadilika hasa ni namna ya kuulizwa. Kwenye digrii ya kwanza swali linaweza kuwa: ni homoni gani huiamuru figo ihifadhi sodiamu? Aldosteroni. Umekariri, umepata. Kwenye mwaka huu wa masta swali linakuja hivi: mgonjwa ametapika siku tatu, akisimama anaona kizunguzungu, na vipimo vinaonyesha damu imeegemea upande wa alkali huku potasiamu ikiwa imeshuka. Potasiamu imekwenda wapi?

Wengi hukimbilia kusema ameitapika. Ameitapika kidogo tu, kwa sababu maji ya tumboni hayana potasiamu nyingi. Kilichotoka kwa wingi ni maji na asidi. Asidi ikitoka, damu inaelemea kwenye alkali. Maji yakipungua, ujazo wa damu unashuka, figo inalihisi hilo na kutoa renini, na mlolongo unaoanzia hapo unaishia kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo zinamwaga aldosteroni. Amri ya aldosteroni ni moja: shika sodiamu, maana sodiamu ilipo maji hufuata. Gharama ya amri hiyo ndiyo potasiamu, nayo inatupwa kwenye mkojo. Halafu kuna kituko. Wakati huohuo figo inaweza kuwa inatupa hata asidi kwenye mkojo, ilhali damu inaililia asidi hiyohiyo! Imelazimika kuchagua kati ya kulinda ujazo wa damu na kulinda uwiano wa asidi, ikachagua ujazo. Mtundikie dripu ya maji ya chumvi yenye potasiamu, na figo itapumua na kujirekebisha.

Aliyekariri aldosteroni kama neno amekwama hapo mwanzoni kabisa. Anayeweza kuufuata mnyororo huo kutoka tumboni hadi kwenye mkojo, akiwa na dakika moja na nusu, na baada ya hapo swali la moyo, na baada ya moyo swali la mapafu, huyo ameanza kufikiri jinsi wodi inavyotaka. Na mitihani haimsubiri. Inakuja mfululizo, huku kila mmoja ukibeba mrundo wa mihadhara. Mbinu za digrii, zile za kukesha usiku mmoja na kahawa, zinakufa wiki ya tatu.

Yapo na mengine yanayojengwa humo. Barua ya mapendekezo, kwa mfano, inayotoka kwa mwalimu anayefundisha pia wanafunzi wa udaktari, kwa hiyo anaweza kuwalinganisha kwa ushahidi. Maandalizi ya usaili, hasa ule wa vituo vifupi vifupi uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada: unasoma kisa mlangoni, unaingia, una dakika chache za kujieleza, kengele, kituo kingine. Mtihani wa MCAT, ule wa kuombea shule za tiba, unaopimwa kuanzia 472 hadi 528, haufutwi na masta yoyote. Ukiwa mbovu unarudiwa, na kuurudia katikati ya mwaka kama huu ni kujitafutia balaa.

Binafsi naiona masta hii kama kamari yenye hesabu nzuri kwa baadhi ya watu na mbaya kwa wengine. Ada ni makumi ya maelfu ya dola, na mara nyingi ni mkopo. Ukifaulu sana, umejisafisha. Ukipata B za kubahatisha, umeongeza ushahidi dhidi yako mwenyewe, tena kwenye masomo yaleyale watakayokufundisha, na baada ya hapo hakuna darasa jingine la kukimbilia kujitetea. Baadhi ya vyuo hutaja usaili wa uhakika kwa wanaovuka kiwango fulani. Sasa, usaili wa uhakika si nafasi ya uhakika. Maneno hayo mawili yamewaliza wengi.

Kalenda nayo ina mtego. Maombi ya udaktari hufunguliwa Mei, kwa masomo yanayoanza majira ya joto ya mwaka unaofuata. Anayeanza masta Agosti na kutuma maombi Juni ile iliyotangulia, ametuma faili lisilo na hata alama moja ya masta anayojivunia. Ndiyo maana wengi humaliza kwanza, wakaomba, kisha wakakaa mwaka mzima wakifanya kazi kama ya kukaa na daktari chumba cha dharura na kumwandikia maelezo ya wagonjwa kwenye kompyuta.

Kwa anayesoma haya akiwa Arusha au Bujumbura na kufikiria kupita njia hii: shule nyingi za tiba za Marekani hazipokei wanafunzi wa kigeni kabisa, na baadhi ya zinazopokea hutaka waonyeshe, au waweke kabisa, ada ya miaka yote minne. Chuo cha masta kitakupokea na kuchukua ada yako bila tatizo. Shule ya tiba inayofuata ndiyo ya kuuliza mapema, kabla hujalipa hata senti. Na daktari ambaye tayari amemaliza Muhimbili, Makerere au Nairobi haihitaji masta hii hata kidogo. Kwake ni USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, uthibitisho wa ECFMG, chombo kinachokagua vyeti vya madaktari waliosomea nje, kisha kugombea nafasi ya ubobezi hospitalini, na huko hakuna atakayemuuliza alipata ngapi kwenye kemia ya mwaka wa kwanza.