Simu imeanguka ziwani, sasa vitu vyako viko wapi?

Juzi asubuhi mama mmoja anayeuza omena Dunga alikuja kwa kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Kondele, Kisumu, na simu imezikwa ndani ya mfuko wa mchele, ilianguka majini jana yake jioni, na kitu ya kwanza alisema ni "fundi, usihangaike na simu, simu nitatafuta ingine, nitolee tu madeni." Madeni yenyewe ni hivi: kila siku anaandika kwa daftari nani amechukua gorogoro ngapi na hajalipa, anapiga picha hiyo peji, daftari ikijaa anatupa, anabaki na picha. Nikamuuliza email yake ni gani, akasema email anayo yule kijana alimuuzia simu.

Hapo nilichoka kabisa, juu hii stori naisikia karibu kila wiki. (Na tukiwa hapo, mchele hauvuti maji kutoka ndani ya simu. Izime, usiichaji, mletee fundi mapema.) Nimeamua niandike vitu venye watu hunishikilia hapa dirishani ati ni ukweli, na si ukweli, na vinawaumiza.

"Vitu vyangu viko kwa wingu, haviwezi potea."

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Hilo jina wingu limewadanganya watu, wanadhani ni kitu kinaelea mahali. Wingu ni nyumba. Ni jengo limejaa mashine, ziko na stima, ziko na jenereta ya akiba, feni za kupoza joto na walinzi kwa mlango, na jengo linaweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, liliungua likaisha, na wateja wenye walikuwa wameweka kila kitu hapo bila nakala mahali pengine walipoteza milele. Kwa hivyo swali si kama iko kwa wingu ama haiko, swali ni ziko nakala ngapi na ziko majengo mangapi, na akaunti ya hizo nakala ufunguo wake anao nani.

Huo ufunguo ndio hasa unatumaliza sisi huku. Mtu ananunua simu, muuzaji anamfungulia akaunti ya Google haraka haraka ndio Play Store ifanye kazi, pasiwadi anaweka ile anaweka kwa kila mteja, halafu mteja anaenda nyumbani akijua simu ni yake. Simu ni yake ndio, lakini akaunti si yake. Picha zinapanda kwa akaunti ya mtu mwingine na siku simu imekufa huna mlango wa kuingilia. Mimi nasema wazi hii ni makosa yetu sisi mafundi na wauzaji, si ya mteja. Dakika tano za kukaa na mama umfungulie akaunti kwa jina lake, uweke namba yake ya simu ya kurudishia, umwambie aandike pasiwadi mahali. Dakika tano tu!

Na hata ukiwa na akaunti yako, elewa kwamba kusawazisha (sync) na kuweka akiba (bakapu) ni vitu viwili tofauti. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ati ndio upate nafasi kwa simu, na kule pia imefutika, inakaa kwa pipa la taka siku 60 kama ilikuwa imeshapanda, halafu kwisha. Nafasi ya bure ni GB 15, na hiyo inagawanywa na email, faili na picha, na saa hii bakapu ya WhatsApp kwa Android pia inahesabiwa humo humo, kwa hivyo ikijaa bakapu inasimama na mwenye simu hata hana habari. Akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa Google wanaweza kuifuta. WhatsApp yenyewe haikuwekei meseji, ikishafika kwa simu yako inatoka kwa sava zao, yaani zile mashine za ndani ya jengo, hivyo kama hukuwasha bakapu hakuna mahali pa kuzitoa, hata ulie namna gani.

"Simu ikiibiwa, pesa ya M-Pesa imeenda nayo."

Hapana. Hapa watu hushtuka bure. Pesa haiko kwa simu na haiko kwa laini, iko kwa vitabu vya sava, na shilingi zenyewe zimekaa benki kwa akaunti za amana. Laini ni kitambulisho chako tu, PIN ndio funguo. Rudisha namba yako kwa laini mpya utakuta salio vile uliacha, mradi mwizi hajui PIN. Na watu wanashangaa nikiwaambia kwamba M-Pesa ilianza Machi 2007, na mpaka mwaka wa 2015 sava zake zilikuwa Ujerumani, yaani ukituma mia mbili kutoka Kibuye kwenda Ahero, hesabu ilikuwa inafanyiwa Ulaya halafu inarudi. Kabambe ya kitochi, bila intaneti, na ilikuwa inaendesha mashine iko ng'ambo ya bahari.

Mimi hii ndio hunifurahisha sana. Amazon walianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi faili Machi 2006 na kukodisha kompyuta zenyewe Agosti mwaka huo huo, iPhone ikatangazwa Januari 2007, M-Pesa Machi. Mwaka mmoja tu! Upande mmoja simu ndogo kwa mkono, upande wa pili mashine nyingi za kukodisha, na kazi ikahama kutoka kwa ile kompyuta ya mezani.

"Intaneti inatoka juu, kwa setilaiti."

Nyingi sana haitoki juu. Mnara wa hapa Kondele unashika simu yako kwa mawimbi, lakini kutoka hapo safari iliyobaki ni nyaya, kebo za fiba zenye zinapitisha mwanga, mpaka Mombasa, halafu zinazama baharini. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Mnakumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024? Watu walikuwa wanazima simu na kuwasha, wengine wakaniletea ati apu zimeharibika, kumbe EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini kule karibu na Afrika Kusini. Simu zilikuwa sawa kabisa. Na ndio maana siku kama hiyo unaona kitu kimoja kinafunguka na kingine hakifunguki, yenye nakala yake iko kwa sava za Nairobi ama Mombasa haihitaji kuvuka bahari, yenye iko mbali ndiyo inakwama.

Mwenye anasema inatoka juu hakutunga lakini, juu mwaka wa 2020 kweli kulikuwa na baluni za Loon, mradi wa kina Google, zikielea huku kwetu, Kisumu, Kakamega, Kisii, Nakuru, kama kilomita 20 juu, zikitoa 4G pamoja na Telkom. Mwaka wa 2021 mradi ukafungwa. Starlink imekuja Julai 2023 na hiyo ni setilaiti kweli, lakini hata yenyewe hushuka kwa kituo cha ardhini halafu inaingia kwa kebo kama wengine.

"Kampuni kubwa haziwezi kulala, sava zinajiongeza zenyewe."

Zinaongezwa, ndio, na ni kazi nzuri ajabu, lakini zina mipaka. Fikiria mama chapo mwenye jiko moja, foleni ikirefuka anakodi jiko la pili, la tatu, jioni anarudisha, analipia masaa alizotumia tu. Hivyo ndio sava za kukodi zinafanya. Sasa kama kuna jiko kumi lakini mtu wa kupokea pesa na kuandika ni mmoja, foleni itabaki pale pale, na kwa mifumo mingi huyo mtu mmoja ni ile daftari kuu yenye kila jiko lazima liiandikie. Ndio maana siku ya mwisho ya kitu chochote, kila mtu akikimbilia tovuti usiku ule ule, inazunguka tu. Halafu kuna foleni ya uongo, Julai 2023 huduma za serikali za eCitizen zilikwama juu ya shambulio la kumiminiwa maombi feki. Na kuna kosa dogo la mtu, 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kama masaa sita dunia nzima sababu ya mabadiliko mabaya ya mipangilio kwa mtandao wao wenyewe, na mashine zote zilikuwa zinawaka.

"Simu ni ya kupiga stori, kazi ya maana inataka kompyuta."

Mwaka wa 2010 Steve Jobs alifananisha kompyuta na malori, ati yatabaki lakini watu wachache ndio watayahitaji. Sawa, kuandika programu na vitabu vikubwa vya hesabu bado mimi ningetaka laptopu. Lakini wengi wetu huku hatukuhama kutoka kwa kompyuta, hatukuwahi kuwa nayo, tulienda saiba tukalipa kwa dakika, halafu tukapata simu. Ndio maana ule ushauri wa kila siku, weka nakala kwa kompyuta ya nyumbani, hautusaidii. Mwenye kompyuta ana mahali pa pili. Sisi mahali pa pili ni ile sava ya mbali peke yake, hivyo kuijua si mambo ya wasomi wa teknolojia, ni mambo ya madeni ya omena.

Wengine wananiambia wingu likikaribia Kenya hizi shida zitaisha. Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, walitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha deta Olkaria, kaunti ya Nakuru, kitumie stima ya mvuke. Kituo kikiwa karibu safari ya deta inakuwa fupi, mambo yanafunguka haraka. Akaunti yenye jina la mtu mwingine itabaki ya mtu mwingine.

Yule kijana alimuuzia mama simu tulimpata, pasiwadi hakukumbuka, alikuwa amefungulia wateja wengi email ile moja. Namba ilirudi, M-Pesa ilirudi na salio lake lote. Picha hazikurudi hata moja. Jana amekuja na simu ingine, tukafungua akaunti kwa jina lake, nikamwonyesha pale kwa mipangilio inaandika tarehe ya bakapu ya mwisho, na pasiwadi ameandika kwa gamba la ndani la daftari mpya, hiyo amesema hatatupa.