Kusomesha mtoto nyumbani kisheria, maana yake ni nini hasa?

Kuna mkanganyiko nakutana nao kila mara, mtu anasema "elimu ni lazima kisheria kwa hiyo ukimfundishia mtoto nyumbani umevunja sheria". Hapana jamani. Kuna sheria zinazolazimisha mtoto apate ELIMU na kuna zinazolazimisha aende SHULE, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ukishayatenganisha yaliyobaki yanaeleweka.

Chukua England, sheria ya elimu ya 1996 kifungu cha 7 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayoendana na umri na uwezo wake, kwa kuhudhuria shule "au kwa njia nyingine", na hivyo vijineno vya mwisho ndo mlango wanaopitia wazazi wote wanaosomesha nyumbani huko. Ujerumani mlango huo umefungwa, kwenda shule ni lazima, kuna familia ilifika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu na 2006 ikashindwa.

Sasa hata pale inaporuhusiwa, uliza: natoa taarifa tu au naomba kibali? Taarifa maana yake unawaambia halafu unaendelea, kibali maana yake wanaweza kukukatalia. Ufaransa walikuwa kwenye taarifa, tangu Septemba 2022 wamehamia kwenye kibali. Marekani ndo kila jimbo na lake, Texas hakuna kuripoti popote lakini masomo kama kusoma, hesabu na uraia lazima yawepo, wakati New York unapeleka taarifa, mpango wa masomo na ripoti nne kwa mwaka!

Kuhusu cheti cha ualimu, sehemu nyingi mzazi hadaiwi, ila kuna majimbo kama Pennsylvania wanataka awe angalau amemaliza sekondari.

Kitu kinachoniuma ni wazazi wanaomtoa mtoto shule kimyakimya. Jina linabaki kwenye rejista, kila asubuhi mwalimu anaita, anaweka alama ya hayupo, wiki zinapita na kwenye makaratasi mwanao ni mtoro hata kama muda huohuo yuko mezani na wewe anafanya hesabu za sehemu. Andika barua ya kumtoa, iwe na tarehe, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halafu weka daftari, leo tarehe fulani tumesoma hiki, na kazi zake usitupe hata zile alizokosea, maana afisa akija kukagua anataka kuona mtoto anasogea, na kazi ya mwezi wa kwanza ikiwekwa pembeni ya ya mwezi wa sita inaonyesha hilo bila wewe kujieleza sana.

Na mitihani ya taifa, mara nyingi atafanya kama mtahiniwa binafsi, ada unalipa wewe na kituo unakitafuta mwenyewe, kwa hiyo ulizia mapema kabla usajili haujafungwa.