Kusafisha umeme wa tivi na sabufa: gadi, stebilaiza au UPS?

Ingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo uombe "kitu cha kulinda tivi". Unaweza kupewa gadi, stebilaiza, UPS au ekstensheni yenye kitaa chekundu, na muuzaji akaviita vyote stebilaiza. Kusafisha umeme ni kuurekebisha au kuuzuia kabla haujafika kwenye kifaa, na kila kimoja kati ya hivyo vinne kina ubovu wake kinachopambana nao.

Kabla ya kutoa hela, geuza tivi usome kibandiko cha nyuma. Tivi bapa nyingi zimeandikwa 100–240V, yaani pawasaplai ya ndani inajirekebisha yenyewe. Umeme ukishuka hadi volti 170, balbu ya kizamani itakuwa nyekundu kama kaa na feni itazunguka kivivu, lakini taarifa ya habari itaendelea. Tivi hiyo haihitaji stebilaiza kwa sababu ya umeme mdogo. Kinachoiua ni umeme mkubwa.

Nao huja kwa sura mbili. Upo wa kufumba na kufumbua: radi imepiga karibu na nyaya, au umeme uliokatika umerudi kwa kishindo. Huu ni kazi ya ile ekstensheni yenye kitaa chekundu, yaani ekstensheni ya kinga. Ndani yake mna kidude bapa mfano wa kidonge. Volti zikipanda ghafla kinafungua njia na kuuchepusha umeme wa ziada kwenda kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) na ethi (waya unaoingia ardhini). Kama tundu la tatu la soketi yako, lile la ethi, halijaungwa na chochote, jambo la kawaida mno kwenye nyumba zetu, kinga hiyo inapungua sana. Halafu kidonge huchoka. Ekstensheni ya miaka mingi inaweza kupitisha umeme vizuri tu huku kinga yake ilishakufa zamani.

Sura ya pili ndiyo mbaya zaidi: nyutro kukatika. Nyaya za mtaani hubeba fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, ila kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutro ikikatika huko nguzoni, nyumba yako na ya jirani wa fezi nyingine zinagawana hizo 400, na mgawanyo hauna haki: aliyewasha vitu vichache ndiye anayepata volti nyingi. Zikipita 300 kwa dakika kadhaa, kidonge cha ekstensheni kinaungua. Hapo ndipo gadi inapohitajika, kwa kuwa yenyewe hupima na kukata kabisa, nyingi zikikata karibu na volti 260. Umeme ukitulia inasubiri kwanza: ya tivi kama sekunde 30, ya friji dakika 3 hivi ili kompresa ipumzike. Kwa tivi peke yake, mimi ningenunua gadi.

Stebilaiza ni transfoma yenye njia kadhaa za kutolea umeme, kila moja na volti zake, ili kuupandisha au kuushusha. Ule mlio wa "tak" ni rilei, yaani swichi ya ndani, ikihama njia. Inalifaa amplifaya zito la zamani ambalo sauti yake inakwaruza umeme ukishuka. Ukubwa wake usiupime kwa wati za kwenye boksi la sabufa. Zile "wati 12,000 PMPO" ni za kuuzia. Ukisoma nyuma ya sabufa hiyohiyo utakuta inakula wati 60 au 80.

UPS ina betri, ni ya mtu asiyetaka king'amuzi kianze upya kila umeme ukipepesa. Iliyoandikwa VA 650, yaani kipimo cha ukubwa wake, hubeba wati 350 hivi. Zile za bei nafuu, zikiwa kwenye betri, hutoa umeme wa ngazi-ngazi, usiopanda na kushuka kwa ulaini kama wa gridi, ambao tivi haijali, ila amplifaya la transfoma huvuma.

Na kama sabufa inanguruma muda wote hata sauti ikiwa chini, usikimbilie dukani. Chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ngurumo ikinyamaza, ethi mbili zinagombana, ya dishi na ya nyumba. Mwite fundi aziunganishe pamoja. Waya huohuo ndio wa kuchomoa mvua ya radi ikikaribia, maana gadi iliyoko ukutani haiuoni.