Je, wajua kwa nini gdb (dibaga, chombo cha kusaka makosa ndani ya programu) hukataa kazi baada ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, kusasishwa?

Seva ya Linux imesasishwa Jumapili usiku, ikawashwa upya. Jumatatu asubuhi msanidi programu pale Ngong Road anaunganisha gdb na programu ile ile aliyokuwa akiidibagi Ijumaa, anaambiwa hana ruhusa. Wengi hapo huilaumu kerneli mpya, wakairudisha ya zamani pamoja na mianya yake yote.

Mara nyingi kilicholeta shida ni kule kuwashwa upya. Ubuntu huweka kernel.yama.ptrace_scope, mpangilio unaobana ptrace (njia ya programu moja kuishika na kuichunguza nyingine), kuwa 1, yaani mtumiaji wa kawaida anadibagi tu michakato iliyozaliwa na dibaga yake. Mtu akiandika 0 moja kwa moja kwenye /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope, kizuizi huondoka papo hapo, lakini 0 hiyo haijaandikwa mahali pa kudumu. Mashine ikizimwa inapotea, na faili la /etc/sysctl.d/10-ptrace.conf, linalosomwa mashine inapowaka, linarudisha 1. Kerneli ya zamani nayo itakuta faili lile lile, ndiyo maana kurudi nyuma hakusaidii kitu. Soma thamani hiyo kabla na baada ya sasisho. Ukikuta 3, haishuki mpaka mashine iwashwe tena.

Kosa la pili lina mizizi zaidi: "mchakato ni wangu, UID (namba ya mtumiaji) ni yangu, basi nina haki ya kuuchunguza." Kwa programu zenye biti ya setuid, alama inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili, mara nyingi root (msimamizi mkuu), hata ptrace_scope ya 0 haitoshi. Mfano ni sudo, inayoendesha amri kwa mamlaka ya root. Andika `strace sudo ls` ukiwa mtumiaji wa kawaida; strace hutumia ptrace kurekodi kila ombi ambalo programu inatuma kwa kerneli. Sudo iliyokubali dakika moja iliyopita italalamika kwamba haina UID 0, yaani ya root, na matoleo mengi yatakuuliza kama diski imewekewa nosuid, chaguo linalopuuza setuid. Ukikimbilia fstab, faili la mipangilio ya diski, umepotea njia. Diski haina neno.

Chukua matatu ya Rongai. Dereva ana leseni ya PSV, na leseni ina maana kwa kuwa ni yeye anayeshika usukani. Sasa abiria aketi nyuma yake, amshike mikono yote miwili na kumkatia kila kona. Leseni bado ni ya dereva, lakini anayeendesha ni abiria. ptrace ndiyo mikono hiyo: husoma kumbukumbu ya programu, hubadilisha rejista, huamua amri gani ifuate. Kerneli ikiipa root programu iliyoshikwa hivyo, imempa root aliyeishika. Kwa hiyo execve, ombi la kuanzisha programu, ikikuta faili la setuid chini ya mfuatiliaji asiye na CAP_SYS_PTRACE (ruhusa maalumu ya kushika programu za wengine), huiacha programu ianze, ila bila mamlaka. Ni uamuzi mzuri ajabu: gari linaondoka, leseni inabaki stendi.

Dawa ni kumpa mfuatiliaji mwenyewe mamlaka:

`sudo strace -f -o /tmp/njia.txt -u $USER sudo ls`

Hapa strace ni ya root, na -u huanzisha programu kwa jina lako, hivyo biti ya setuid inafanya kazi. Futa njia.txt ukimaliza, maana sudo ya ndani ikikuuliza nenosiri, litakuwa humo kama lilivyosomwa.

Programu ya setuid iliyokwisha kuanza ina kufuli lake, mpangilio wa fs.suid_dumpable. Ikiwa 0 au 2, mtumiaji wa kawaida hawezi kuishika hata kama imeshaacha mamlaka yake. Tofauti ni kwamba 2 huruhusu faili la core (nakala ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka) linalosomwa na root peke yake.

Hata hivyo, kuna wakati kerneli ndiyo iliyobadilika kweli. Toleo 5.1.17 la 2019 liliziba mwanya wa usalama uitwao CVE-2019-13272, ambapo PTRACE_TRACEME (ombi la programu kufuatiliwa na mzazi wake) ilirekodi vibaya mamlaka ya mfuatiliaji. Na kuna sasisho lililofungua mlango. Kabla ya 4.8, ya 2016, ptrace iliweza kukwepa vichujio vya seccomp, vinavyoamua maombi gani programu inaweza kutuma kwa kerneli, ndiyo maana Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa), iliizuia humo. Tangu Docker 19.03, wasifu wake wa kawaida wa seccomp huangalia toleo la kerneli: chini ya 4.8 strace hukataliwa, kuanzia 4.8 huruhusiwa. Kontena lile lile, bila kuguswa, linaanza kukubali strace kwa sababu tu kerneli ya mashine iliyolibeba imesasishwa.