Kiwiko kimegonga, kitu kimevunjika: nani alipe?

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, nikiwa kazini na hata nikiwa nimekaa tu na ndugu zangu: mtu kapita, kiwiko kimegusa kitu, kitu kimeanguka kikavunjika, nani alipe? Kazi yangu ni kukadiria hasara kwa ajili ya bima, nimeifanya miaka mingi sasa, na nikifika huwa nakuta kila upande una jibu lake tayari. Mwenye mali anasema aliyevunja alipe. Aliyevunja anasema ajali haina kinga. Halafu wote wananikodolea macho mimi.

Mimi sianzi na aliyegusa. Naanza na pale kitu kilipokuwa kimesimama kabla hakijaanguka.

Kuna nyumba moja siisahau. Vasi kubwa la kauri lilikuwa limeangushwa na mgeni, mwenye nyumba ana uchungu kwelikweli maana lilikuwa la marehemu mama yake, na mgeni mwenyewe kajikunja kwenye kiti hataki hata kuinua uso. Nikapiga magoti mbele ya meza, nikainamisha kichwa ili mwanga wa dirishani upite ubavuni, na hapo juu ya mbao vumbi lilikuwa limeacha alama safi ya kitako cha vasi. Alama hiyo haikuwa duara kamili. Upande mmoja ilikatwa na ukingo wa meza, yaani kitako kilikuwa kimening'inia nje kama sentimita 2 hivi, na meza yenyewe iko kwenye korido nyembamba ambayo ukipita na begi begani lazima ugeuke kiubavu. Kitu hubaki kimesimama mradi uzito wake unaangukia ndani ya kitako chake, sasa chombo kirefu, kitako chembamba, tena sehemu yake imeshatoka nje ya meza, kinataka nini zaidi ya kuguswa na mkanda wa begi? Nikaandika kwenye ripoti yangu kwamba mgeni alipita kama mtu yeyote angepita. Mwenye nyumba alikasirika, na namuelewa, lakini ile alama ya vumbi ilikuwa inajieleza yenyewe.

Watu wanachanganya vitu viwili hapa, kusababisha na kuwajibika. Kusababisha ni nani kagusa. Kuwajibika ni nani alikuwa mzembe, na nchi nyingi sheria inaangalia hilo la pili. Mahakama ya Uingereza mwaka 1856 ilikuwa na kesi ya kampuni ya maji ya Birmingham, bomba lilipasuka kwa baridi kali kupita kawaida maji yakaingia nyumba ya mtu, na jaji akasema uzembe ni kuacha kufanya jambo ambalo mtu mwenye busara ya kawaida angelifanya, au kufanya ambalo mtu huyo asingelifanya. Kampuni ikashinda, maana baridi ya namna ile hakuna aliyetarajia. Kipimo hicho mpaka leo ndo kinatumika sehemu nyingi. Kwa hiyo ukikimbia ndani ya duka lililojaa vyombo, au ukirudi nyuma huku macho yako kwenye simu, hapo umejitafutia. Ila ukizimia ghafla bila dalili yoyote ukaangukia rafu nzima ya glasi, huwezi kuitwa mzembe, hata kama hasara ni kubwa namna gani.

Na kale kakaratasi ka dukani, "ukivunja umenunua", hakamgeuzi mtu kuwa mnunuzi kwa sababu tu kamebandikwa ukutani. Kanakukumbusha uwe makini, basi. Mwenye duka aliyepanga vitu mpaka watu hawana pa kupita bado ana sehemu yake, na nchi nyingi mahakama inaweza kuugawa mzigo, huyu asilimia kadhaa na yule asilimia kadhaa. Uingereza wana sheria ya kugawana hivyo tangu 1945.

Makumbusho ndo yananifundisha kuliko sehemu nyingine yoyote. Januari 2006 kwenye makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, mgeni mmoja alisema alikanyaga kamba ya kiatu chake kilichofunguka, akaporomoka kwenye ngazi na kugonga vasi tatu za Kichina za enzi ya Qing zilizokuwa zimewekwa kwenye kingo ya dirisha. Watu wote walizungumzia kamba ya kiatu. Mimi nilikuwa nafikiria ile kingo ya dirisha! Halafu kuna sanamu ya Adamu ya mchongaji Tullio Lombardo pale makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 2002 ilianguka jioni makumbusho yakiwa yamefungwa, hakuna mtu aliyeigusa kabisa, ni kile kisimamio cha mbao kilichoporomoka chini yake. Marumaru ikawa mamia ya vipande, na mafundi wakakaa nayo zaidi ya miaka 10 mpaka ikarudi kuonyeshwa 2014. Sasa fikiria kama kungekuwa na mtoto amesimama hatua mbili kutoka pale wakati inaanguka, wangapi wangesema ni mtoto?

Kwa watoto nchi hazifanani kabisa. Ujerumani mtoto chini ya miaka 7 hadaiwi, anayeulizwa ni mzazi kama alimsimamia inavyotakiwa. Ufaransa mzazi anabeba hata kama yeye mwenyewe hana kosa. Uingereza mzazi hawajibiki eti kwa kuwa ni mzazi tu, lazima uzembe wake uonekane. Mwaka 2018 kule Kansas, Marekani, mtoto wa miaka 5 aliangusha sanamu kwenye jengo la jamii na kampuni ya bima ikawaandikia wazazi dai la dola 132,000. Mwaka 2024 kwenye makumbusho ya Hecht, Haifa, mtoto wa miaka 4 aliangusha mtungi wa miaka zaidi ya 3,500, na makumbusho yakamualika arudi na familia yake. Wao walikuwa wameamua wenyewe kuweka vitu bila kioo ili watu wavione kwa karibu, na waliposimama na uamuzi wao hata siku ulipowagharimu, niliwaheshimu sana.

Haya, tuseme umekubali kosa ni lako. Unalipa kiasi gani? Kawaida ni thamani ya kitu siku ile kabla hakijaanguka, sio bei ya kipya. Laptopu ya miaka minne inalipwa kama laptopu ya miaka minne, na kama kubadilisha skrini tu kunairudisha ilivyokuwa basi unalipa skrini. Ugomvi mkubwa nauona kwenye seti, kikombe kimoja kati ya sita kimevunjika mwenyewe anataka vyote sita. Hapo naangalia kama hicho kimoja bado kinapatikana kivyake, kama hakipatikani kabisa hoja yake inaanza kuwa na uzito.

Kuna jambo linaniuma nitaliandika tu. Bima ya kuwalinda wengine dhidi ya makosa yako inalipa pale unapowajibika kisheria, ndo maana watu wanakaa na rafiki yao aliyepata hasara wanatunga stori, "sema umeniangushia wewe ili bima yako ilipe." Nimekutana na vitu vilivyosemekana viliangukia kulia na vipande vyote viko kushoto. Ni udanganyifu, na siku ukijulikana hata dai lako la kweli la kesho haliaminiki tena. Mara nyingi hata hapakuwa na haja, maana mwenye mali alikuwa na bima yake ya vitu vya ndani inayolipa uharibifu wa bahati mbaya bila kuuliza kosa la nani.

Kwa hiyo kikianguka leo, kabla hamjaanza kulaumiana, piga picha ukiwa umesimama mlangoni ili njia yote ionekane, halafu piga kile kitu kilipokuwa kimekaa. Meza msiifute kwanza. Na vipande msivitupe, hata vile vidogo, viwekeni kwenye boksi: yule mwenye nyumba wa vasi alivitia kwenye taulo, na fundi alipovipanga mezani kilikosekana kimoja tu, cha mdomoni, kama ukucha wa kidole kidogo.