Carlisle 1907: kikosi kilichoupeleka mpira hewani

Waulize wapenzi wa futiboli ya Kimarekani nani aliyeipa pasi ya mbele heshima yake. Wengi watakutajia Chuo Kikuu cha Notre Dame, walioifunga Army, timu ya chuo cha kijeshi cha West Point, 35–13 mwaka 1913. Mimi kazi yangu ni historia ya mchezo huu, na siwanyimi Notre Dame sifa zao. Ila miaka sita kabla yao, timu ya shule ya Carlisle walikwisha kuifanya pasi kuwa silaha ya msimu mzima.

Hadi 1905 mchezo ulikuwa wa kusukumana. Wachezaji walishikana, wakajipanga kama kabari, wakamwangukia mpinzani kwa uzito wao wote. Msimu huo vijana wapatao 18 walipoteza maisha, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Kanuni za 1906 zikataka timu isonge yadi 10 badala ya 5 katika majaribio matatu, na zikaruhusu kurusha mpira mbele. Chuo Kikuu cha St. Louis kiliichangamkia pasi mwaka uleule. Vyuo vikubwa vya mashariki vilisitasita: pasi isiyodakwa ilikuwa na adhabu kali, na mpira wenyewe ulikuwa mnene kuliko wa leo, mgumu kuukamata kwa kiganja kimoja.

Carlisle hakikuwa chuo kikuu. Ilikuwa shule ya bweni huko Pennsylvania, iliyofunguliwa 1879 ndani ya kambi ya zamani ya jeshi kwa ajili ya watoto wa mataifa ya asili ya Marekani. Watoto hao walikatwa nywele na kukatazwa kusema lugha za kwao. Hakuna ushindi wa uwanjani unaoisafisha shule ile, na sifa ninazozitoa hapa ni za vijana wenyewe.

Kwa kuwa wengi wao walikuwa wepesi kuliko wapinzani, kusukumana kusingewafaa. Kocha Pop Warner, aliyerudi 1907 kutoka Cornell, aliwapanga hivi kwamba mpinzani asijue mapema kama kinachokuja ni mbio, teke au pasi. Mrushaji mkuu alikuwa Pete Hauser, wa taifa la asili la Cheyenne. Tarehe 26 Oktoba, mjini Philadelphia, alimrushia William Gardner mpira wa takriban yadi 40, na Penn (Chuo Kikuu cha Pennsylvania) wakalala 26–6. Kwangu mimi, mchezo wa kisasa ulianza siku hiyo.

Wiki iliyofuata, kwenye mvua ya New York, mpira uliteleza mikononi na Princeton wakashinda 16–0. Hicho ndicho kipigo pekee katika mechi 11. Kisha Harvard wakafungwa 23–15, mara ya kwanza kabisa kwa Carlisle kuwashinda. Minnesota nao wakalala 12–10.

Mwisho ikawa Chuo Kikuu cha Chicago cha kocha Amos Alonzo Stagg, mabingwa wa kanda yao. Walinzi wa Stagg waliwabana wachezaji wa pembeni wasipate kukimbia kufuata pasi. Albert Exendine akatoka nje ya mstari, akapita nyuma ya benchi la Chicago, akarudi uwanjani mbele zaidi akiwa peke yake, akadaka mpira wa Hauser na kufunga. Hauser aliongeza mateke matatu ya pointi 4 kila moja, matokeo 18–4. Leo mchezaji akitoka nje kwa hiari yake kisha akarudi kudaka pasi, ni kosa. Mwaka 1907 hapakuwa na kanuni ya kumzuia.