Kurifreshi hakuipi kompyuta kasi

Katika saiba za Mwembe Tayari na Digo Road, hapa Mombasa, utaona mkono wa mteja ukienda wenyewe: kompyuta ikizubaa kidogo tu, anabonyeza kitufe cha kurifreshi: F5, F5, F5. Wengi wamefundishwa kwamba kurifreshi kunasafisha memori. Sivyo.

Kwenye Windows, ukibonyeza F5 ukiwa kwenye deskitopu, mfumo huangalia upya faili zilizopo hapo na kuzichora ikoni zake tena. Basi. Memori haiguswi, wala programu iliyokwama haifungwi. Faida yake ni ndogo lakini ipo: faili uliyohifadhi sasa hivi isipoonekana, kurifreshi huileta. Kinachohadaa ni kwamba unapobonyeza na kubonyeza, sekunde zinapita, na kazi iliyoielemea mashine inajimalizia. Sifa anapewa F5!

Ukitaka kumjua mchawi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka na kukuonyesha programu inayokula prosesa, memori au diski. Mara nyingi ni brauza yenye tabo chungu nzima. Humo humo, tangu Windows 8, kuna sehemu ya Startup ya kuzuia programu zinazojiwasha pamoja na mashine.

Na kwa joto letu la Februari, tazama feni pia. Ikizibwa na vumbi, prosesa hupata moto na kujipunguzia mwendo. Hapo dawa ni brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme.